Sikio la Fundi Gervasi

Fundi Gervasi alikuwa na sikio. Kibirizi nzima ilijua hivyo, na mwenyewe alijua kuliko Kibirizi nzima, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango wa kuingilia. Ukimpelekea injini ya boti iliyogoma, haanzi kwa spana. Anakwambia uiwashe, anageuka kutazama ziwa, anafumba macho, kisha anasema, "Ringi hizo," au, "Badilisha plagi tu, usidanganywe na mtu." Ukifungua unakuta ni ringi kweli. Miaka ishirini na miwili aliifanya kazi hiyo pale mwaloni, maboti yanaposhushia dagaa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki injini yake mwenyewe hata siku moja.

Boti alikuwa nayo. Tuseme alikuwa na mbao zilizoungwa vizuri zikapata sura ya boti, zimekaa juu ya magogo kule Ilagala, uwanjani kwa Dismasi mtengeneza maboti, mwaka wa pili sasa, mvua yao jua lao. Kilichokosekana ni injini. Pale mjini kulikuwa na moja kuukuu lakini nzima, nguvu ya farasi kumi na tano, na mwenyewe alitaka milioni mbili na laki sita, hapunguzi hata shilingi. Recho, mke wa Gervasi, ndiye aliyekuwa anaidundulizia kwa dagaa wake wa kuanika. Miaka mitatu anageuza dagaa juani, anawafungasha, anawapakia treni, na kila faida inaingia kwenye simu yake na haitoki.

Hela zao zilikuwa na mpaka, kama ilivyo kwa ndoa nyingi za huku kwetu. Hela ya ufundi inalisha nyumba yao ya Buzebazeba na kumsomesha Jeremia, mtoto wao aliyeko bweni. Hela ya dagaa ni ya injini. Mume haulizi dagaa wamefikisha ngapi, mke hapekui mfuko wa suruali. Miaka kumi na tisa ya ndoa hawakuwahi kugombana kwa sababu ya hela, na wote wawili walijisifia jambo hilo mbele za watu.

Sasa wiki ile mwezi ulikuwa mpevu. Anayelijua ziwa letu anaelewa maana yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi, kwa hiyo maboti yanavutwa nchi kavu, vichanja vya kuanikia vinabaki vitupu, na watu wazima wenye akili zao wanashinda na simu mikononi tangu asubuhi. Mvuvi asiye na kazi na mwenye bando, mimi simo.

Walikuwa wanakusanyika kwa Thobias, mwenye banda umiza la pale Kibirizi, lile la mabati lenye benchi za mbao na televisheni kubwa. Siku zote ni mpira. Lakini ligi zilikuwa mapumzikoni, na Thobias, ambaye akiona benchi tupu anaumwa tumbo, akawaletea Sokodau.

Sokodau ni mchezo wa kubeti wa kwenye simu, ila hauna mtu wa kukupangia bei. Watu wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Tiketi moja ya dereva, akishika namba moja, inalipa shilingi elfu moja. Asiposhika, hailipi kitu. Wanaomtaka wakiwa wengi tiketi yake inapanda, wakimkimbia inashuka. Unayemuuzia humwoni na anayekuuzia humjui. "Ndiyo maana bei haidanganyi," Thobias aliwahubiria. "Bei ni akili za watu wote zimewekwa kapu moja. Ukiona inapanda, ujue kuna mtu anajua jambo."

Mashindano yenyewe yalikuwa mbio za magari za Maziwa Makuu, safari hii zinafanyika Bujumbura, kichwani mwa ziwa hilihili. Jumapili ni mbio. Jumamosi saa tisa alasiri ni mchujo wa kupanga nafasi: kila gari linazunguka peke yake likishindana na saa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye anayeanza mbele kesho yake. Soko lilikuwa la huo mchujo tu, nani atakuwa na kasi kuliko wenzake. Kulikuwa na Mkenya wa gari la bluu, tiketi yake shilingi mia tano na ishirini. Na kulikuwa na Bucumi, kijana wa Burundi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi huku Kasulu, kwa hiyo kila mtu wa Kigoma anamwita mtoto wetu. Huyo tiketi yake ilikuwa shilingi themanini. Mtoto wetu, lakini kwa shilingi themanini.

Jumatano mtu mmoja alikuja na video ya gari la Bucumi likifanya mazoezi. Simu imepasuka kioo, spika inakwaruza, upepo wa ziwani unavuma, na jenereta la jirani linapiga kelele zake. Video yenyewe sekunde kumi na tano. "Fundi, hebu sikiliza," wakasema, na wote wakamgeukia.

Mimi nitausema ukweli kwa niaba yake, maana yeye ulimkaa kooni siku tatu. Hakusikia kitu. Alisikia upepo na jenereta. Lakini miaka hii injini mpya zinakuja na kompyuta zake, vijana wanachomeka waya na kusoma ugonjwa kwenye simu, na ilikuwa miezi sasa tangu watu kumi wamgeukie kwa wakati mmoja. Kichwa kikamvimba. Akafumba macho, akatazama upande wa maji kwa macho hayohayo yaliyofumbwa, akatikisa kichwa taratibu.

"Huyo ndiye," akasema. "Injini hii inapumua kwa pua, haipumui kwa mdomo."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna kwa heshima, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya petroli. Gervasi hakununua tiketi hata moja siku ile. Hilo lishike.

Alhamisi asubuhi alipopita kwa Thobias, alikuta Bucumi ni shilingi mia moja na hamsini. Alidhani macho yake yana uchovu. Akaomba simu, akaisogeza karibu, mia moja na hamsini. "Kuna mtu ameingia," Thobias akamwambia kwa sauti ya chini. "Na si wa hapa. Watu wa hapa hela ya kupandisha bei hivi wanaitoa wapi? Hawa ni wakubwa, wana watu wao ndani ya magereji."

Gervasi akaenda kukaa kwenye karakana yake, yaani kwenye ule ubao wake chini ya turubai. Alichokuwa anawaza ni hiki: mimi nilibahatisha, kumbe nimepatia. Kumbe sikio lilisikia, ila kichwa hakikuniambia. Angalia mtu anavyoweza kujidanganya mwenyewe akajilipa na nauli. Mchana akafungua Sokodau na kununua tiketi elfu moja na mia sita, laki mbili na arobaini zikaondoka, hela ya ada ya muhula ujao.

Ijumaa Bucumi alikuwa mia mbili na hamsini. Mwendesha bodaboda aliyemleta toka Ujiji alimwambia njiani kwamba amesikia, lakini asimwambie mtu, kuna habari za ndani kuhusu kijana wa Burundi. Muuza mafuta pale mwaloni akamwambia hivyohivyo, naye akamsihi asimwambie mtu. Habari toka midomo miwili isiyojuana, na bei juu yake. Gervasi akapiga hesabu: akiongeza tiketi elfu moja anakuwa na elfu mbili na mia sita, na Bucumi akishika namba moja hizo ni milioni mbili na laki sita kamili. Injini. Angemwambia Recho, hela yako ya dagaa iache, nunulia nyavu. Akanunua, laki mbili na nusu, na sasa mfukoni akabaki na nauli.

Jumamosi asubuhi Recho alimtengea chai, akakaa mbele yake, jambo ambalo hakulizoea, kwa sababu siku za mwezi mpevu huwa anafua.

"Baba Jeremia," akasema, "hivi fundi anaweza kujua gari litakimbia kwa kulisikia tu?"

Chai ikampalia. Kwa mawazo yake, Recho alikuwa amenusa jambo la ada. Akaifuta midomo polepole ili apate muda. "Fundi wa kweli anaweza."

"Hata akilisikia kwa simu?"

"Hata kwa simu. Sikio ni sikio."

"Na mtu akiliamini sikio la namna hiyo, hajakosea?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, hata chai isingepoa. Lakini mwanaume aliyeulizwa na mke wake kama sikio la fundi linaaminika atajibu nini? "Mama Jeremia," akasema, "nimekulisha kwa sikio miaka kumi na tisa." Recho akamtazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akaondoa kikombe.

Saa nane mchana banda la Thobias lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Pale mlangoni, kwenye kigoda chake, alikaa Léoncie na beseni la maandazi. Léoncie ni jirani yao wa Buzebazeba, mama wa Kirundi aliyekaa huku tangu msichana, mjane, na siku hiyo hakuwa anauza kwa bidii. Macho yake yalikuwa kwenye simu, kwenye tiketi zake za Bucumi. Bucumi alikuwa mia nne na ishirini. Mkenya ameshuka hadi mia tatu na sitini. Mtoto wetu ndiye aliyekuwa anaongoza soko, na watu walishikana mikono kama wako arusini.

Simu ya Gervasi ikaita. Alikuwa Dismasi, toka Ilagala.

"Fundi, na wewe umenunua? Nunua, ndugu yangu. Ego, ndiyo nakwambia, saa moja imebaki. Huku kwetu wamenunua wote. Mimi nimetia laki tatu, hela ya mbao za wateja, lakini Jumatatu nazirudisha."

"Nani amewaambia nyinyi wa Ilagala?"

"Habari imetoka juu. Kuna fundi mmoja bingwa, matajiri wa Nairobi wamemkodi kwa hela nyingi kabisa. Yeye haangalii gari. Anafumba macho, anasikiliza. Amewaambia hiyo injini inapumua kwa pua, haipumui kwa mdomo."

Gervasi alisimama na simu sikioni. Alisikia Dismasi anaita halo, halo, akaikata. Duniani, kwa kadiri alivyojua, hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kutamka maneno yale. Hata yeye mwenyewe aliyatunga Jumatano, papo kwa papo, ili watu wasiache kumtazama.

Akamvuta Thobias hadi nyuma ya banda. "Hii habari ya fundi bingwa umeipata wapi?"

"Kwa dereva wa bodaboda. Yeye kaipata Mwanga sokoni, na wa Mwanga wameipata Kasingirima."

"Thobias, ni mimi. Mimi nilisema hayo Jumatano, hapohapo kwenye benchi yako."

Thobias alimkodolea macho, halafu akamwekea mkono begani kwa huruma, kama unavyomfanyia mlevi. "Fundi, wewe ulibahatisha. Hawa wamethibitisha."

"Wamethibitisha nini? Hakuna wengine. Wakubwa hawapo. Ni sisi. Ni Kibirizi na Ujiji na Ilagala tunanunua, tukiona bei inapanda tunasema kuna mtu anajua, tunanunua tena."

"Hapo sasa unataka kutushusha bei ili ununue rahisi," Thobias akasema, na akacheka, na akarudi ndani kuangalia waya wa dishi.

Gervasi alibaki peke yake nyuma ya mabati. Nchi nzima inabeti mpira. Soko la mchujo wa magari lilikuwa dogo kama karai, na wavuvi elfu moja wa mwezi mpevu walitosha kulifurikisha. Wote walikuwa wamemkalia yeye mgongoni, naye alikuwa amewakalia wao.

Aliingia ndani ili aseme. Hilo msimnyime, aliingia ili aseme. Alisimama mbele ya benchi ya kwanza, akafungua mdomo, watu kumi wakamgeukia kama Jumatano, kisha ishirini. Akamwona kijana aliyeuza taa zake za kuvulia apate hela ya tiketi. Akamwona Léoncie pale mlangoni akimtabasamia. Na wakati huohuo, Mungu amsamehe, akawaza kwamba akisema, bei itaanguka kabla hajauza zake.

"Naomba maji ya kunywa," akasema.

Akapewa maji. Akatoka tena nyuma ya banda na kufungua Sokodau. Ili ziondoke haraka aliziweka sokoni kwa mia nne, zote elfu mbili na mia sita kwa mkupuo, akitegemea zitatoka kwa kudonyolewa, hamsini hapa, mia pale. Hakupepesa macho mara mbili. Zilinunuliwa zote, na mtu mmoja, papo hapo. Simu ikalia kwa ujumbe: umeuza tiketi 2,600 za Bucumi kwa shilingi 400, saa 8:52 mchana. Milioni moja na arobaini elfu, ukitoa makato.

Alistuka kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Halafu akachuchumaa pale kwenye mchanga na kusema asante, bila kujua anamshukuru nani.

Saa tisa mchujo ukaanza. Thobias ana spika kubwa mbili, na safari hii sauti ilikuwa safi. Mkenya akazunguka. Mganda mmoja akazunguka. Kisha gari namba ishirini na saba, la Bucumi, likatoka, banda zima likasimama, na Gervasi, kwa mazoea tu, akafumba macho. Kabla gari halijafika kona ya kwanza alikuwa ameshajua. Injini ilikuwa inakosa pigo moja, mara kwa mara, pigo dogo ambalo mtu mwingine asingeling'amua. Sikio lake lilikuwa zima kabisa. Jumatano ndipo lilipokuwa halijapewa kitu cha kusikia.

Bucumi alimaliza wa saba.

Hakuna aliyepiga kelele. Mimi nimeona mabanda yakipasuliwa benchi kwa goli la kuotea, lakini siku ile watu mia moja walikaa chini taratibu na kutazama simu zao, pale bei ya Bucumi ilipokuwa imeandikwa sifuri. Aliyeuza taa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtu mmoja alianza kucheka, akashindwa kuacha, wenzake wakamtoa nje. Thobias aliuliza mara tatu kama matokeo yamethibitishwa. Léoncie alibaki kwenye kigoda mdomo wazi, na nzi wametua kwenye maandazi.

Gervasi alipita katikati yao ameinamisha kichwa kama mfiwa mwenzao. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wote walikuwa wanamlaani fundi wa Nairobi.

Njiani alianza kupata nafuu, na mimi simlaumu sana, mwili wa binadamu ndivyo ulivyo. Alikuwa na milioni kwenye simu. Ada ilikuwa imerudi na imezaa. Akapanga jinsi atakavyosema: nilipata kazi ya meli, walinilipa kwa mkupuo, Mama Jeremia, changanya na zako tukachukue injini. Hadi anashuka Buzebazeba alikuwa ameshaipa ile meli jina na rangi. Akanunua nyama kilo moja na nusu.

Recho alikuwa ndani, amekaa kitako sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wanavyokaa msibani. Simu iko mapajani. Hakumsalimia. Gervasi aliiweka nyama mezani na kuuliza nani amekufa.

"Hela ya injini," Recho akasema. "Nimeipoteza yote."

"Umeibiwa?"

Recho akamnyooshea simu. Gervasi akaisoma. Umenunua tiketi 2,600 za Bucumi kwa shilingi 400, saa 8:52 mchana.

Akaisoma tena. Elfu mbili na mia sita, bila shaka, kwani na yeye Recho bei ya injini alikuwa haijui? Kwa mia nne, kwa mkupuo, dakika ileile. Palepale alipochuchumaa kwenye mchanga na kusema asante.

"Usinifokee," Recho akasema. Sauti yake ilikuwa imeisha. "Mimi sikufuata mkumbo. Léoncie aliponiletea hayo maneno Alhamisi, kwamba kuna fundi bingwa wa Nairobi, nilimwachia aseme hadi mwisho, lakini nilijua ni wewe. Miaka kumi na tisa nakusikia unavyoongea na injini, nitakosaje kukujua? Wengine walinunua kwa sababu hawamjui huyo fundi. Mimi nilinunua kwa sababu namjua. Na asubuhi nikakuuliza hata hivyo, ili nisikosee."

Gervasi akaanza kuifungua ile nyama mezani, akaifunga tena.

"Si kwamba nakulaumu," Recho akaendelea. "Sikio limekosea mara moja katika miaka yote hiyo. Najua na wewe umeumia. Uliweka kiasi gani?"

Hiyo ndiyo iliyomvunja, hiyo huruma. Angemtukana, ile hadithi ya meli ingekuwa bado ina miguu. Akatoa simu yake mfukoni, akafungua ule ujumbe na kumpa. "Hela yako haijapotea," akasema haraka haraka. "Iko hapa, Mama Jeremia, yote iko hapa, imepungua makato tu. Nakurudishia sasa hivi."

Recho alisoma taratibu, akiziweka simu mbili bega kwa bega. Gervasi aliona anavyohama toka namba hadi namba, tiketi, bei, kisha saa. Pale kwenye saa alikaa muda mrefu.

"Mchujo ulikuwa saa tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliuza kabla. Ulishajua."

"Nilijua saa nane. Nilijua kwamba hakuna fundi, ni mimi tu, na mimi sikusikia kitu."

"Na banda limejaa watu."

"Limejaa."

Recho akaziweka simu zote mbili chini, sakafuni, mbali kidogo na yeye. Hakulia. Alimtazama mume wake jinsi unavyomtazama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Uliniuzia mimi, Gervasi," akasema. Toka Jeremia azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina.

"Sikujua ni wewe. Naapa kwa Mungu, sikujua kama ni wewe."

"Ulidhani ni nani?"

Nje, kwenye uzio, Léoncie alikuwa amefika na beseni lake kichwani, anapiga hodi. Akapiga ya pili, kisha ya tatu. Aliwasikia kwamba wamo ndani, na hakuna aliyemwambia karibu.